Gumzo kwenye tovuti ya kikundi: tafuta kwanza wa kujibu

Vikundi vingi vya kijamii sasa vina tovuti: miradi ya maji, vyama vya wakulima, makundi ya vijana na ya akina mama. Tovuti ikishasimama, pendekezo linalofuata mkutanoni huwa ni kuongeza gumzo, ili mwananchi aandike swali na kujibiwa papo hapo. Pendekezo ni zuri, lakini kamati nyingi huanzia pabaya. Hulinganisha rangi, bei na sura ya kidirisha, ilhali swali la kwanza ni la watu: nani atajibu, na saa ngapi?

Chukua mfano wa mradi wa maji wenye vioski kadhaa. Saa tatu usiku mkazi anaona maji yamebadilika rangi, na mtoto wake anaendesha. Anafungua tovuti na kukuta kidirisha kinachosema, "Tuko hapa kukusaidia." Anaandika: "Maji ya leo ni salama?" Kisha anangoja. Kama kidirisha hakingekuwepo, angempigia simu mhudumu wa kioski au kumtafuta mhudumu wa afya wa kijiji. Gumzo lisilo na mtu nyuma yake limempotezea muda ambao angeutumia kutafuta msaada kwingine.

Somo hili linaeleza jinsi kamati inavyoweza kuchagua gumzo litakalomfaa mkazi huyo.

Gumzo la wazi au la faragha?

Kuna gumzo la wazi, ambapo kila anayefungua tovuti husoma yanayoandikwa na wengine. Kuna pia gumzo la faragha, kati ya mwananchi mmoja na mhudumu wa kikundi.

Gumzo la wazi huchangamsha, lakini linahitaji msimamizi muda wote linapokuwa wazi. Mtu akiandika matusi au uchochezi wa kikabila, maneno hayo yatakaa kwenye tovuti ya kikundi hadi yaondolewe, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaharamisha matamshi ya chuki. Isitoshe, mwananchi anayeweka nambari yake ya simu hadharani humpa tapeli nafasi ya kumpigia akijifanya afisa wa mradi na kumwomba pesa kwa M-Pesa. Kikundi kisicho na msimamizi wa kudumu kinafaa kuchagua gumzo la faragha.

Njia tatu zinazopatikana

Njia ya kwanza ni kiungo cha WhatsApp. Hiki ni kitufe tu kwenye tovuti. Anayekibonyeza hupelekwa kwenye WhatsApp ya simu yake, tayari kuandikia nambari ya kikundi. Anwani yake huanza kwa wa.me/ kisha nambari inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri ya mwanzo. Programu ya WhatsApp Business hailipiwi, na ina ujumbe wa kukaribisha, ujumbe wa kusema wahudumu hawapo na majibu ya haraka yaliyoandikwa mapema. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hivyo wahudumu kadhaa wanaweza kupokezana zamu. Upungufu wake ni kwamba anayeandika lazima awe na WhatsApp, na nambari yake itaonekana na wahudumu.

Njia ya pili ni kidirisha cha kampuni, kwa mfano tawk.to, Tidio au Crisp. Kikundi hujisajili, hupewa mistari michache ya msimbo na kuibandika kwenye tovuti. Mwananchi huandika hapo hapo bila kuhama. Baadhi ya huduma hizi zina kiwango cha bure. Tawk.to, kwa mfano, hutoa gumzo bila malipo lakini hutoza kikundi kinachotaka jina la kampuni liondolewe kwenye kidirisha. Mazungumzo yote huhifadhiwa kwenye seva za kampuni.

Njia ya tatu ni programu huria kama Chatwoot, inayoweza kuwekwa kwenye seva ya kikundi chenyewe. Programu haiuzwi na mazungumzo hubaki mikononi mwa kikundi, lakini seva hulipiwa na lazima awepo fundi wa kuisasisha na kuilinda. Bila fundi huyo, njia hii ndiyo yenye hatari zaidi.

Kwa kikundi kidogo chenye wahudumu wa kujitolea, kiungo cha WhatsApp mara nyingi hutosha. Kidirisha cha kampuni kinafaa pale ambapo kuna mtu anayeshinda kwenye kompyuta saa za kazi.

Pima kwa simu ya mwananchi

Kidirisha cha kampuni hupakuliwa kila mara tovuti inapofunguliwa, hata kama anayeisoma hana swali. Uzito huo hulipiwa kwa bando la msomaji. Kiungo cha WhatsApp karibu hakiongezi uzito wowote.

Kabla ya kuamua, kamati iazime simu ya bei nafuu na kwenda mahali ambapo mtandao ni hafifu. Ifungue tovuti mara mbili, kwanza bila kidirisha, kisha kikiwepo, na kila mara ifute kumbukumbu ya kivinjari kabla ya kuanza. Ilinganishe muda uliotumika na kiasi cha data kinachoonyeshwa kwenye mipangilio ya simu. Iangalie pia kama kidirisha kinafunika maandishi, na kama maneno yake yanaweza kubadilishwa yawe ya Kiswahili.

Maneno ya watu ni amana

Anayeandika kwenye gumzo huacha jina, nambari ya simu, na wakati mwingine habari za ugonjwa au za nyumbani kwake. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaeleza wajibu wa anayekusanya habari za watu. Kikundi kinatakiwa kumweleza mwananchi kwa nini habari zake zinachukuliwa, kisichukue zaidi ya zinazohitajika, na kisikae nazo baada ya haja kwisha. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Habari zikivuja na kuwaweka wahusika hatarini, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu kikundi kijue.

Kanuni za 2021 zinamwondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna anayepata chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na kuajiri watu wasiofika 10. Msamaha huo hauwafikii wanaofanya kazi fulani, zikiwemo huduma za afya, elimu, fedha na uchukuzi. Na kutosajiliwa hakuondoi wajibu wa kulinda habari za watu.

Kwa hivyo, kwenye kidirisha chenyewe paandikwe sentensi mbili: mazungumzo yatahifadhiwa kwa muda gani, na kwamba kikundi hakitaomba kamwe nambari ya siri ya M-Pesa wala nambari ya kitambulisho kupitia gumzo.

Saa za kujibu zijulikane

Kamati iandike ratiba ya zamu yenye majina, kama inavyofanya kwa ufunguo wa kioski. Ikiwa wahudumu wapo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni pekee, kidirisha kiseme hivyo. Nje ya saa hizo, ujumbe wa moja kwa moja uwe na la kumfaa anayeandika. Kwa mfano: "Hatupo kwa sasa. Tutajibu kesho kabla ya saa nne asubuhi. Ukishuku maji si salama, usiyanywe. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Kwa dharura, piga 999 au 112." Kikundi kinachoshughulikia familia kiongeze 116 kwa masuala ya watoto na 1195 kwa dhuluma za kijinsia.

Mlango wa kutoka

Huduma ya leo inaweza kufungwa kesho. Mnamo Mei 2024, Facebook iliondoa kidirisha cha Messenger kilichokuwa kikiwekwa kwenye tovuti, na waliokitegemea wakalazimika kutafuta njia nyingine. Kamati iulize mapema kama mazungumzo yanaweza kupakuliwa, na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi badala ya ile ya kijana mmoja aliyejitolea. Neno la siri lijulikane na maafisa wawili, na libadilishwe kila mmoja wao anapoondoka. Masuala makubwa yaandikwe pia kwenye daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi kwa kamati

Kabla ya kuweka gumzo, kamati ijibu maswali haya na kuyaingiza kwenye kumbukumbu za mkutano:

1. Nani atajibu Jumatatu, Jumamosi na siku ya sikukuu?
2. Mwananchi atajibiwa ndani ya muda gani?
3. Mazungumzo yatahifadhiwa wapi, na yatafutwa lini?
4. Nani ana neno la siri?
5. Atakayeandika usiku akiwa na dharura ataelekezwa wapi?

Swali la kwanza likikosa majina, kamati isiweke gumzo bado. Nambari ya simu inayopokelewa, iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tovuti, itamfaa zaidi mzazi mwenye mtoto mgonjwa.