Arubuni Si Mapato

Mkulima wa chai wa Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira, ajua vema kazi ya mizani. Apelekapo majani kituoni, karani huandika kilo zilizopimwa, wala haandiki majani yaliyobaki shambani, hata mkulima akiapa kwamba atayaleta kesho. Tena kilo zilizokwisha kupimwa ni haki yake tangu saa ile, ingawa malipo ya mwezi huja baadaye, na bonasi huja baada ya kiwanda kufunga hesabu za mwaka tarehe 30 Juni.

Kanuni hiyo ya mizani ndiyo iwapasayo wenye makampuni katika kuandika mapato. Lakini hapo ndipo wengi hukosea, maana fedha zikiwa mkononi hufanana sana na mapato.

Chukua mfano wa kampuni ndogo ya useremala. Mwezi wa Oktoba shule moja yaagiza madawati 60, kila moja kwa Sh. 4,000, jumla Sh. 240,000, na kutanguliza arubuni ya Sh. 100,000. Kufikia tarehe 31 Desemba, siku ya kufunga hesabu, madawati 15 tu yamekwisha kukabidhiwa. Je, mapato ni kiasi gani? Mkurugenzi mmoja asema 240,000, kwa kuwa hati ya maagizo imetiwa sahihi. Mwingine asema 100,000, kwa kuwa fedha zimo benki. Wote wawili wamekosea. Mapato ni bei ya madawati 15 yaliyokabidhiwa, yaani Sh. 60,000. Zile Sh. 40,000 zilizosalia katika arubuni ni deni, kwa maana kampuni yadaiwa madawati. Na Sh. 140,000 ambazo shule haijalipa bado, wala fundi hajazifanyia kazi, haziandikwi kabisa.

Kosa hili si la makaratasi tu. Arubuni yote ikiandikwa kuwa mapato, na gharama zikawa za mbao za madawati 15 peke yake, faida itaonekana kubwa, na wenye hisa watagawiwa. Januari ikifika shule yadai madawati 45, nazo fedha za mbao zimekwisha kuliwa. Ndipo kampuni huanza kutwaa arubuni ya mteja wa pili ili imtengenezee wa kwanza, na ya wa tatu kwa ajili ya wa pili. Biashara ya namna hiyo huonekana ikistawi mpaka juma lile asipotokea mteja mpya.

Wako wanaoandika katika stakabadhi kwamba arubuni hairudishwi, wakidhani maneno hayo yamekwisha kuigeuza kuwa mapato. Sivyo. Maadamu dawati lingali linadaiwa, arubuni ni deni, japo haitarudishwa kwa fedha taslimu. Kinyume chake, madawati yaliyopokelewa na shule kwa ahadi ya kulipa baadaye ni mapato tangu siku ya kupokelewa, iwapo yaaminika kwamba shule italipa.

Hayo ndiyo maagizo ya kanuni ya kimataifa ya 15 ya taarifa za fedha, iliyotangazwa Mei 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Huuliza: mteja amekwisha kuwa na mamlaka juu ya kitu? Dalili zake ni kwamba anacho mikononi, amekikubali, hasara yake ni juu yake, naye awajibika kukilipia. Njia ya pili ipo: kitu kikiwa hakiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, na mapatano yakimlazimisha mteja kulipia kazi iliyokwisha kufanyika hata akighairi, mapato huandikwa kadiri kazi iendeleavyo. Madawati ya kawaida hayamo humo.

Jambo moja huwatatiza hata watunza hesabu hodari. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya ya mwaka 2013 haingoji dawati. Kwa mfanyabiashara aliyeandikishwa, kodi hufuata lile litangulialo kati ya kukabidhi mali, kutoa ankara na kupokea malipo, hata yakiwa sehemu tu. Basi ile arubuni ya Oktoba, ambayo katika kitabu cha mapato si kitu bado, huingia katika hesabu ya kodi ya Oktoba, nayo hupelekwa kufikia tarehe 20 Novemba.