Kutambua Vifaa Vigeni Katika Mtandao wa Nyumbani

Mtumiaji wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda akiona kifurushi cha intaneti kinaisha upesi kuliko kawaida, tunamshauri achunguze ruta yake kabla ya kumlalamikia mtoa huduma. Nenosiri alilopewa mgeni mmoja huweza kuwafikia majirani wengi.

1. Orodhesha vifaa vyako vyote: simu, kompyuta, runinga na kamera.
2. Fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, usome orodha ya vifaa vilivyounganishwa.
3. Zima vifaa vyako kimoja kimoja, ukibakiza unachosomea orodha hiyo. Kisichotoweka baada ya dakika chache si chako.

Usitegemee jina pekee. Simu nyingi, zikiwemo za Android 10 na matoleo yaliyofuata, hujitambulisha kwa namba ya kubuni. Jina geni laweza kuwa la simu ya mwanao.

Ukithibitisha kuna mgeni, badilisha nenosiri la waifai na lile la kuingilia ruta. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Salio likiendelea kupungua isivyoelezeka, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma. Lisipotatuliwa, lilete kwetu.