SOMO LA WIKI: Kuulizwa bei si kuuza

Muuza duka mzoefu hujua soko limegeuka kwa kusikiliza. Bidhaa ikiulizwa mara tano asubuhi moja naye hanayo dukani, anaelewa la kufanya. Siku hizi maswali mengi ya aina hiyo huandikwa kwenye simu kabla mteja hajatoka nyumbani. Wiki hii tunaeleza namna ya kuyasoma maswali hayo, ili utangaze kile kinachotafutwa bila kuhatarisha mtaji.

Mwaka 2006 kampuni ya Google ilianzisha Google Trends, chombo kisicholipiwa chenye takwimu za tangu mwaka 2004. Unaandika neno, unachagua nchi na kipindi, kisha unaletewa grafu.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba namba za grafu hiyo si idadi ya watu. 100 ni wakati neno lilipotafutwa kwa kiwango cha juu kabisa katika kipindi ulichochagua, na 50 ni nusu ya kiwango hicho. Hivyo basi, hata neno linalotafutwa na wachache lina 100 yake. Liweke kwenye grafu moja na neno la bidhaa unayoijua mauzo yake, ndipo utaona uzito wake.

Pili, tenganisha msimu na upepo. Angalia miaka mitano. Kinachopanda kila mwaka wakati ule ule ni msimu. Kilichopanda mara moja ni upepo. Kwa Tanzania, mwaka wa shule huanza Januari, hivyo muuza sare achunguze ni lini wazazi huanza kutafuta, na tangazo lake litangulie. Aidha, Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Anayelinganisha Machi na Machi bila kukumbuka hilo atapotea.

Tatu, tumia maneno ya mteja. Wengine hutafuta "friji", wengine "jokofu". Tangazo lako liwe na yote mawili. Chini ya grafu kuna orodha ya maneno yanayotafutwa pamoja na neno lako. Hapo ndipo pa kupata mada za kuandikia. Anayeandika "bei ya friji" yu karibu na kununua kuliko anayeandika "friji" tu, hivyo anza na swali lake.

Hata hivyo, wingi wa maswali unaweza kudanganya. Kuanzia mwaka 2008 Google yenyewe ilikadiria ugonjwa wa mafua nchini Marekani kwa kutazama yanayotafutwa. Msimu wa 2012/13 makadirio yalizidi mno hali halisi, na mwaka 2015 kampuni iliacha kuyatangaza. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba habari za mafua ziliwafanya hata wazima watafute.

Kwa mwekezaji mdogo, hasara huwa kubwa zaidi. Desemba 2017 neno "bitcoin" lilitafutwa duniani kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kabla, huku bei ikikaribia dola 20,000. Desemba 2018 bei ilikuwa chini ya dola 4,000. Aliyeingia kwa kuwa kila mtu anauliza aliuziwa na waliotangulia. Bei ilipanda tena miaka iliyofuata, lakini aliyeingia kwa fedha ya mkopo au ya ada hakuweza kungoja.

Ushauri wetu ni huu: grafu ikuongoze kuandika tangazo, isikuongoze kuagiza kontena. Andika kwanza, kisha kwa wiki mbili weka daftari lenye safu mbili: walioulizia bei na walionunua. Safu ya kwanza ikijaa na ya pili ikibaki tupu, umeokoa mtaji wako. Zikipanda pamoja, agiza mzigo mdogo, uuze, ndipo uongeze.