AFYA YETU: KITAMBI NA UGONJWA WA KISUKARI

Wengi wetu tumezoea kumsifu mtu mwenye kitambi. Tunasema, "Mambo yake yamemnyookea." Mwenzetu akikonda, tunamwonea huruma. Tunadhani kitambi ni dalili ya shibe na afya njema.

Somo letu la leo linahusu kitambi. Tutaona kwamba mafuta ya mwilini hayakai tu kama mzigo. Yanafanya kazi. Yanatuma habari mwilini usiku na mchana. Mafuta ya tumboni yakizidi, habari hizo huharibika, na mtu anaweza kupata ugonjwa wa kisukari.

KISUKARI KIMEFIKA VIJIJINI

Zamani watu walisema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima damu za watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo yalitangazwa mwaka 1989. Katika kila watu 100, mwenye kisukari alikuwa kama mmoja tu.

Mwaka 2012 walipimwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mijini na wa vijijini. Safari hii, katika kila watu 100, karibu 9 walikuwa na kisukari. Waliopimwa mara ya kwanza walikuwa wa vijijini tu, na umri wao haukuwa sawa na wa mara ya pili. Hata hivyo, tofauti kati ya 1 na 9 ni kubwa. Ugonjwa huu si wa mjini tena, wala si wa matajiri peke yao.

INSULINI HUBISHA HODI

Kwanza tujifunze jinsi mwili unavyotumia chakula.

Tukila ugali, wali, ndizi au viazi, tumbo husaga chakula hicho. Wanga wake hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kwa hiyo hata mtu asiyeweka sukari katika chai ana sukari katika damu yake. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya kulimia, kutembelea na kufikiria.

Lakini sukari ikibaki ndani ya damu haina faida. Inatakiwa iingie katika misuli na sehemu nyingine za mwili. Nyuma ya tumbo tunacho kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini. Insulini huenda kwenye misuli na kubisha hodi. Misuli ikisikia hodi hiyo hufungua mlango, na sukari huingia.

Insulini ni homoni. Homoni ni kitu kinachotolewa na sehemu moja ya mwili, kikapita katika damu kupeleka habari sehemu nyingine. Homoni ni kama tarishi anayebeba barua.

Kwa watu wengine insulini hubisha hodi lakini mlango haufunguki upesi. Misuli na ini ni kama wenye nyumba waliolala fofofo. Hali hii huitwa usugu wa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili hodi isikike. Miaka inapita, kongosho linachoka. Hapo sukari hubaki katika damu na kuzidi. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima.

MAFUTA NAYO YANA TARISHI WAKE

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani mafuta ya mwilini ni ghala tu. Ukila kuliko unavyotumia, ziada inawekwa ghalani. Ukikosa chakula, mwili unachota akiba.

Mwaka 1994 wataalamu wa New York, Marekani, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua homoni inayotoka katika mafuta. Iliitwa leptini. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kiasi cha akiba iliyopo mwilini. Tangu hapo ilieleweka wazi kwamba mafuta ni ghala lenye matarishi.

Mwaka 1995, huko huko Marekani, ilitangazwa habari ya tarishi mwingine. Leo anaitwa adiponektini. Wataalamu wa Japani nao walimgundua kwa njia yao. Tarishi huyu hutoka katika mafuta, na hupatikana katika damu ya kila mtu.

Je, adiponektini hufanya kazi gani? Majaribio yaliyofanywa kwa panya yalionyesha mambo mawili. Kwanza, hulihimiza ini lisimwage sukari nyingi katika damu. Pili, huihimiza misuli iunguze mafuta. Mwaka 2001 wataalamu waliwapa adiponektini panya waliokuwa na usugu wa insulini. Insulini yao ikaanza kufanya kazi vizuri zaidi.

GHALA LIKIJAA KUPITA KIASI

Sasa fikiria. Kama adiponektini inatoka katika mafuta, basi mtu mnene angekuwa nayo nyingi. Sivyo?

Sivyo kabisa. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba watu wanene wana adiponektini kidogo kuliko watu wembamba. Baadaye ilionekana kwamba wenye kisukari cha aina ya pili nao wanayo kidogo. Na watu wenye adiponektini kidogo, hata kabla ya kuugua, hupata kisukari zaidi kuliko wenzao.

Tutumie mfano wa ghala la mahindi. Ghala likiwa na nafasi, mahindi hukaa vizuri na mtunzaji anafanya kazi yake. Lakini mahindi yakiendelea kuletwa wakati ghala limejaa, magunia yatawekwa barazani, halafu chumbani, halafu jikoni. Nyumba nzima haipitiki. Mtunzaji naye ameshindwa kazi.

Mwili ni hivyo hivyo. Mafuta yakikosa nafasi huingia mahali pasipo pake, ndani ya ini na misuli. Chembechembe za mafuta zilizojaa mno hutoa adiponektini kidogo. Badala yake hutuma habari nyingine, za kuuchokoza mwili kana kwamba una kidonda. Ini na misuli huacha kusikia hodi ya insulini.

Mafuta yaliyo mabaya zaidi ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana hatari kubwa kama hayo. Ndiyo maana tunasema juu ya kitambi, hatusemi juu ya unene tu.

Tena kisukari mara nyingi hakiji peke yake. Kitambi, shinikizo la damu, sukari iliyozidi na mafuta mengi katika damu hufuatana kama ndugu wa tumbo moja. Vyote pamoja huleta ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Adiponektini kidogo ni dalili kwamba mambo si mazuri. Wataalamu bado wanachunguza ni kwa kiasi gani upungufu huo wenyewe ndio unaoleta kisukari kwa binadamu. Wala hakuna dawa ya adiponektini hospitalini. Kwa hiyo mtu akija mnadani na chupa akisema ni dawa ya kuyeyusha kitambi na kuponya kisukari, usimpe fedha yako.

MAFUTA SI ADUI

Msomaji asije akadhani ni lazima kukonda mpaka mifupa ionekane. Wako watu wachache sana wanaozaliwa bila mafuta ya kutosha mwilini. Watu hao nao hupata usugu wa insulini na kisukari kikali, kwa sababu hawana ghala wala matarishi. Mwili unahitaji mafuta, lakini kwa kiasi.

Tena si kila mwenye kisukari ni mnene. Kipo kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana. Kongosho lao halitoi insulini. Hao lazima wachomwe insulini kila siku. Wakiacha, watakufa. Na hata mtu mwembamba anaweza kupata kisukari cha aina ya pili. Usimcheke mgonjwa wala usimlaumu.

JIPIME KWA KAMBA

Huhitaji mashine kujua kama kitambi kimezidi. Tafuta kamba isiyovutika, kisha fanya hivi:

1. Simama wima bila viatu. Mwenzako akupime urefu kwa kamba hiyo, kutoka kisiginoni mpaka utosini. Akate hapo.

2. Kunja kamba hiyo katikati, ncha kwa ncha. Sasa una nusu ya urefu wako.

3. Zungusha kamba iliyokunjwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usiibane tumbo. Toa pumzi kawaida.

Kamba ikizunguka na ncha zikakutana, ni vizuri. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Hiyo ni dalili ya kwenda kupimwa. Kipimo hiki hakiwahusu mama wajawazito.

TUFANYE NINI?

Habari njema ni kwamba ghala linaweza kupunguzwa. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa miaka mitatu hivi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza uzito kidogo, kilo 7 kwa kila kilo 100, na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Kundi jingine halikupewa mafunzo hayo, wala dawa. Katika kundi lililojitahidi, wagonjwa wapya walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi hilo jingine.

Basi nasi tufanye yafuatayo:

Tufanye kazi za mwili. Anayelima kwa jembe, kuchota maji na kutembea tayari anafanya. Lakini wako wenzetu wanaokaa dukani kutwa, au wanaopanda pikipiki hata kwenda nyumba ya tatu. Hao watembee haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata kama haisikii vizuri hodi ya insulini.

Tupange sahani vizuri. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, matembele au kisamvu. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali au wali. Unga wa dona ni bora kuliko sembe.

Tupunguze soda, sukari katika chai, pombe, na vyakula vya kukaanga kwa mafuta mengi. Maji safi ndiyo kinywaji bora.

Tusivute sigara. Sigara na sukari iliyozidi vyote huharibu mishipa ya damu.

Mtu akipungua uzito kwa njia hizi, sukari yake hushuka, na adiponektini katika damu mara nyingi hupanda tena. Tarishi anarudi kazini.

USINGOJEE DALILI

Dalili za kisukari ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kuchoka, kupungua uzito bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi miguuni na vidonda visivyopona. Wengine hukaa na ugonjwa miaka mingi bila dalili yoyote. Wanakuja kugundua wakati mguu umeoza, macho yamepofuka au figo zimekufa. Wengine husema wamerogwa, wanauza ng'ombe na kuzunguka kwa waganga, huku sukari inazidi.

Kama una kitambi, shinikizo la damu, au ndugu wa damu mwenye kisukari, nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe. Wanachukua tone la damu kidoleni. Nenda asubuhi kabla ya kula. Kipimo kikiwa chini ya 6.1, ni kizuri. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, uko njiani kupata ugonjwa, na huu ndio wakati wa kujirekebisha. Kikifika 7 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa hivyo hivyo, ni kisukari. Fuata maagizo ya daktari, na usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu.

Ndugu wasomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Kamba ya kupimia haigharimu kitu. Leo jioni ipitisheni nyumbani, baba, mama, bibi na babu. Atakayeona ncha hazikutani asione haya. Kesho asubuhi ajidamke kwenda kupimwa.

MANENO MAPYA

Homoni: kitu kinachopeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine kwa njia ya damu.
Insulini: homoni ya kongosho inayoiwezesha sukari kuingia katika misuli.
Adiponektini: homoni ya mafuta ya mwilini inayoisaidia insulini.
Usugu wa insulini: hali ya mwili kutoitikia insulini vizuri.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mtu asiyetumia sukari katika chai anaweza kupata kisukari?
2. Eleza jinsi ghala lililojaa linavyofanana na mwili wenye mafuta mengi.
3. Mtu mnene ana adiponektini nyingi au kidogo kuliko mwembamba?
4. Katika kijiji chenu, watu wanasemaje juu ya kitambi? Baada ya somo hili mtawajibu nini?
5. Pimaneni kwa kamba darasani. Ni wangapi wanatakiwa kwenda zahanati? Pangeni siku ya kwenda pamoja.