SOMO: Juisi ya Matunda na Mboga – Inakupa Nini, Haikupi Nini, na Namna ya Kuitengeneza kwa Usalama

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbolea na wadudu, tunaongelea kitu ambacho wengi wenu mmeanza kukifanya pembeni: kukamua juisi. Muheza machungwa yakijaa bei inaporomoka, na yale madogo au yenye alama kwenye ganda mnunuzi anayasukuma pembeni. Lushoto nako karoti zilizopinda au kuvunjika hakuna anayezitaka sokoni. Ndani ziko sawa kabisa, kwa hiyo wazo la kuzikamua ni zuri, kwa familia na kwa biashara.

Tatizo ninaloliona nikizunguka ni maneno yanayoambatana na hiyo juisi. Mara inasafisha mwili, mara inaongeza damu, mara inatibu sukari. Mkulima anayesema hivyo anamuuzia mtu anayemwamini, na mtu huyo anaweza kuacha dawa zake. Ndiyo maana somo hili naanza na lishe kabla ya blenda.

1. KINACHOBAKI NA KINACHOPOTEA

Ukikamua chungwa, unapata maji, sukari ya tunda, vitamini C, potasiamu na foleti. Ukichuja, unatupa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ndizo zinazokushibisha, zinazosaidia choo, na zinazofanya sukari iingie kwenye damu taratibu. Kwa hiyo tunda zima linabaki kuwa bora kuliko juisi yake. Juisi ni nyongeza tu.

Angalia hesabu hii. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa inatumia machungwa kama matatu, na ina sukari inayokaribia gramu 20, yaani kama vijiko vitano vya chai, hata kama hujaongeza chochote. Machungwa matatu kuyala ni kazi, utachoka. Kuyanywa ni dakika moja. Ukiongeza na sukari ya dukani, huna tofauti kubwa na anayekunywa soda.

Vitamini C nayo inaharibika kwa moto, hewa na mwanga. Juisi iliyokamuliwa asubuhi ikakaa wazi hadi jioni imeshapungua nguvu. Rangi ya njano ya karoti, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inavumilia zaidi, lakini inahitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Kwa hiyo juisi ya karoti inywe pamoja na chakula chenye mafuta, siyo peke yake tumbo likiwa tupu.

2. RANGI NYEKUNDU SIYO DAMU

Hapa naomba msome taratibu. Kijana mmoja mlimaji wa bitiruti aliniambia wateja wake wakubwa ni akina mama wajawazito, na tangazo lake limeandikwa "juisi ya kuongeza damu". Nikamuuliza, hao akina mama vidonge vya kliniki wanameza? Akasema, "Wengine wameviacha afisa, vinawatia kichefuchefu, wanasema hii inatosha."

Haitoshi. Gramu 100 za bitiruti zina madini chuma chini kidogo ya miligramu 1. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Maana yake angehitaji zaidi ya kilo tatu za bitiruti kila siku, na hata hapo mwili haufyonzi chuma chote cha mimea. Ule wekundu ni rangi ya mmea tu. Ndiyo maana mtu akila bitiruti nyingi anaweza kushtuka mkojo umekuwa wa pinki: rangi inapita inatoka nje, haikugeuka damu.

Bitiruti siyo mbaya. Ina foleti nzuri, na foleti inahitajika katika kutengeneza damu. Ila haichukui nafasi ya vidonge vya FEFO anavyopewa mama kliniki. Kama vinamsumbua, arudi kwa muuguzi waongee namna ya kuvimeza, asiviache. Upungufu wa damu wakati wa ujauzito ni hatari kwa mama na kwa mtoto.

Sasa juisi inasaidia wapi kwenye damu? Inasaidia kwa njia nyingine. Vitamini C inaufanya mwili ufyonze vizuri zaidi chuma kilichopo kwenye maharage, kunde na mboga za majani. Hivyo glasi ndogo ya juisi ya machungwa au mapera pamoja na ugali na maharage ina kazi kubwa. Pera hasa lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa. Chai ni kinyume chake, inazuia chuma, kwa hiyo isogeze mbali na mlo. Na chuma kinachofyonzwa kirahisi kiko kwenye maini, nyama na dagaa.

Huyo kijana hakuacha biashara. Alibadilisha tangazo, sasa linasema "Juisi halisi ya bitiruti na chungwa, haina sukari ya kuongeza", na akina mama wakimuuliza kuhusu damu anawaambia wasiache vidonge vya kliniki.

3. NANI ANYWE, KIASI GANI

• Mtu mzima mwenye afya: glasi ndogo ya mililita 150 kwa siku inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, lakini usizijaze zote kwa juisi.
• Mtoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama tu. Hakuna juisi, hakuna maji.
• Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1: mpondee tunda lenyewe (papai, ndizi, embe), usimpe juisi.
• Mwenye kisukari: ale tunda zima kwa kiasi alichoelekezwa. Juisi inapandisha sukari haraka, hata ile "isiyo na sukari".
• Mwenye shida ya figo: aulize daktari kwanza, kwa sababu juisi nyingi zina potasiamu kwa wingi.
• Anayetumia dawa za kila siku: aulize kuhusu balungi. Linaingiliana na dawa kadhaa, zikiwemo baadhi za presha.

4. JUISI SALAMA INAANZIA SHAMBANI

Wewe ni mkulima, hapa una nafasi nzuri kuliko muuza juisi wa mjini kwa sababu unajua mazao yako yamepitia nini.

Kwanza, dawa. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Ziheshimu. Kuosha kunaondoa vumbi na sehemu ya dawa iliyokaa juu ya ganda, lakini dawa zinazoingia ndani ya mmea haziondoki kwa maji. Matango au spinachi iliyopuliziwa juzi isiingie kwenye blenda.

Pili, maji na samadi. Mboga zinazoliwa au kunywewa mbichi zisimwagiliwe maji machafu, na samadi iwe imeoza vizuri kabla ya kuweka shambani. Juisi mbichi haipiti kwenye moto, kwa hiyo vijidudu vilivyoingia vinafika hadi tumboni.

Tatu, uchaguzi. Tunda dogo, lililopinda au lenye alama ya nje linafaa. Tunda lililooza, lenye ukungu au lililookotwa chini likiwa limepasuka halifai. Kukata sehemu iliyooza hakutoshi, sumu ya ukungu inaweza kuwa imesambaa ndani.

5. HATUA ZA KUTENGENEZA (kama lita 1)

Mahitaji: karoti nusu kilo, machungwa 6 hadi 8 kutegemea ukubwa, limau 1, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, maji yaliyochemshwa yakapoa mililita 300.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ubao, kisu, blenda na chujio.
2. Osha matunda kwa maji safi yanayotiririka ukiyasugua, hata yale utakayomenya. Kisu kinabeba uchafu wa ganda hadi ndani.
3. Menya karoti, katakata, saga pamoja na tangawizi na maji.
4. Kamua machungwa na limau kwa mkono. Usisage mbegu, zinaleta uchungu.
5. Chuja karoti kwa chujio lenye matundu makubwa kiasi, ili nyuzinyuzi nyingine zibaki. Usipochuja kabisa ni bora zaidi kilishe.
6. Changanya, onja, kunywa. Sukari usiweke. Kama ni chachu, punguza limau.

Makapi usitupe. Ya karoti yanaingia kwenye unga wa chapati au maandazi, mengine yapelekwe kwa mifugo au kwenye mboji.

6. KUHIFADHI

Nzuri ni ile inayonyweka palepale. Ikibaki, iwekwe kwenye chupa safi yenye mfuniko, kwenye friji ya nyuzi 4 au chini, na iishe ndani ya siku hiyo au kesho yake. Ikikaa nje kwenye joto zaidi ya saa mbili, imwage. Na barafu ni maji: ikitengenezwa kwa maji yasiyochemshwa umerudisha uchafu wote.

Karoti na bitiruti zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu hazina uchachu wa kuzuia vijidudu. Mwaka 2006 huko Marekani watu kadhaa walipata sumu ya botulizimu, inayopoozesha misuli, kutokana na juisi ya karoti ya chupa ambayo haikutunzwa kwenye baridi. Juisi ya karoti iliyofungwa kwenye chupa na kupangwa mezani juani ni hatari, hata kama haijabadilika harufu.

7. UKITAKA KUUZA, PIGA HESABU

Tuchukue mfano. Bei weka za kwako.

Machungwa kilo 100 yanatoa kama lita 40, sawa na chupa 130 za mililita 300.
• Machungwa (kilo 1 kwa Sh 300): 30,000
• Chupa 130 kwa Sh 200: 26,000
• Maji, umeme, barafu: 15,000
• Kibarua: 20,000
• Usafiri: 10,000
Jumla: Sh 101,000

Ukiuza zote kwa Sh 1,000 unapata 130,000, faida ni 29,000. Lakini chupa 30 zikichacha, unapata 100,000. Umepata hasara ya 1,000 na siku nzima imepotea. Machungwa weka kwenye hesabu hata kama ni ya shambani kwako, maana yangeweza kuuzwa. Kwa maneno mengine, faida ya juisi iko kwenye friji. Kama huna baridi ya uhakika, kamua kidogo kidogo mbele ya mteja.

Ukitaka juisi ya kukaa dukani, hiyo ni kazi nyingine. Inahitaji kupashwa moto kwa kipimajoto na kufungwa kwa utaratibu, siyo kukisia kwa sufuria. SIDO wanatoa mafunzo ya usindikaji, na masuala ya kusajili jengo na bidhaa za chakula tangu 2019 yako TBS. Anza na mafunzo kabla ya kununua chupa elfu moja.

Na kwenye lebo andika ukweli: kilichomo, tarehe ya kutengeneza, na "tunza kwenye baridi". Maneno ya kutibu waachie hospitali.

KAZI YA WIKI HII

Pima mazao yako ya daraja la pili kwa kilo, kamua kilo 5 tu, pima umepata lita ngapi, uandike. Halafu hakikisha watoto wa nyumbani wamekula tunda zima kabla gari la mnunuzi halijaondoka. Inasikitisha kukuta nyumba inayouza machungwa kwa fuso na watoto wake wanashindia chai ya rangi.

Somo lijalo tutaangalia ukaushaji wa maembe kwa kutumia jua. Kazi njema.