Kasi Isiyoelezeka: Tuhuma za Udanganyifu katika Baiskeli ya Triathloni ya Ridhaa

Tumchukulie mwanamume wa miaka 47, karani wa benki, anayeshiriki triathloni kwa kuipenda tu. Mashindano ya masafa marefu, yale yanayojulikana kwa jina la Ironman, yana hatua tatu zinazofuatana bila mapumziko: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2. Mwaka jana aliendesha hatua ya baiskeli kwa wastani wa kilomita 32 kwa saa. Mwaka huu amefikia kilomita 35, akapunguza karibu nusu saa. Wenzake wa rika lake wananong'ona. Mmoja anasema ametumia dawa, mwingine anasema alijificha nyuma ya wenziwe, na wa tatu anaikagua baiskeli yake kwa jicho la pembeni akitafuta mota. Je, wana haki ya kumshuku?

Swali hili linamhusu tabibu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndilo tunalokutana nalo kliniki kila siku: dalili moja inatuambia nini hasa?

Tuanze na upepo. Katika barabara tambarare, mwenye kuendesha kwa kasi hiyo hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na nguvu hiyo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka kilomita 32 hadi 35 ni nyongeza isiyofikia sehemu moja ya kumi, lakini nguvu ya kuishinda hewa hupanda kwa takriban asilimia 30. Misuli ya mtu wa miaka 47, ambaye tayari alikuwa na mazoezi ya kutosha, ni nadra kuongeza kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo wanaonong'ona si wapumbavu. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili: nguvu zikibaki zile zile, kasi hiyo hupatikana pia kwa kupunguza ukinzani wa hewa kwa takriban robo. Aliyeendesha mwaka jana akiwa amenyanyua kifua, na mwaka huu akajifunza kulaza mgongo na kuegemeza viwiko juu ya usukani, anaweza kukaribia punguzo hilo bila kuongeza hata gramu moja ya misuli. Ukimwona anapita, huwezi kutofautisha.

Habari ya mota tusiirefushe. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, mota ilipatikana imefichwa ndani ya baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya mshindani kijana, naye akafungiwa miaka 6. Udanganyifu huo upo, basi, lakini uligunduliwa kwa kuikagua baiskeli, si kwa kukisia.

Kujificha nyuma ya mwenzako ni jambo zito zaidi, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote na haihitaji sindano wala fundi. Anayemfuata mwenzake kwa karibu huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, kisha huanza kukimbia akiwa na miguu isiyochoka. Ndiyo maana kanuni za Ironman kwa wachezaji wa ridhaa zimekuwa zikidai nafasi ya mita 12 kati ya gurudumu la mbele la mmoja na la mwenzake, na anayetaka kupita apite ndani ya sekunde 25. Mkosaji husimamishwa dakika 5.

Tufanye hesabu ndogo. Watu 1,500 wakitoka majini ndani ya dakika 40, na wote wakaendesha kwa kilomita 33 kwa saa, watatandaa katika kilomita 22 za barabara. Kila mmoja atapata nafasi isiyofika hata mita 15. Kwa kuwa hawalingani kasi, watasongamana wapende wasipende. Picha iliyopigwa kwa lenzi ya kuvuta mbali nayo huwaonyesha waliotengana kana kwamba wamegusana magurudumu. Naona baadhi ya lawama hizi zingepaswa kuelekezwa kwa waandaaji wanaosajili watu wengi kuliko barabara inavyoweza kubeba.

Sasa dawa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanatriathloni 2,997 waliohojiwa katika mashindano ya Frankfurt, Regensburg na Wiesbaden nchini Ujerumani. Ukimuuliza mtu ana kwa ana kama ametumia dawa za kuongeza nguvu, atakana. Watafiti walitumia mbinu ambayo jambo la bahati, kama tarehe ya kuzaliwa anayoijua mhojiwa peke yake, huamua ajibu swali la dawa au swali jingine lisilo na aibu. Hakuna awezaye kujua jibu la mtu mmoja linahusu nini, lakini kwa kundi zima hesabu hutoka. Ilitoka asilimia 13 kwa miezi 12 iliyotangulia.

Idadi hiyo ni kubwa, na inatisha. Lakini tazama inavyofanya kazi mikononi mwa anayeshuku. Kati ya wachezaji 1,000, watumiaji ni 130 na wasiotumia ni 870. Tuseme, kwa ajili ya somo tu, kwamba kupiga hatua kubwa kwa mwaka mmoja huonekana kwa nusu ya watumiaji na kwa mmoja kati ya kila watano wasiotumia. Watakaoshukiwa ni 65 wenye hatia na 174 wasio nayo. Kwa kila mwenye hatia mmoja tumewachafulia jina watu wawili na zaidi. Kipimo cha aina hiyo hatungekubali kukitumia kugundua hata minyoo.

Wanaoumia zaidi ni wagonjwa. Mwenye kisukari anayejidunga insulini katika hema la kubadilishia nguo huonekana kama mhalifu, ilhali bila sindano hiyo angekuwa hatarini. Insulini imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kwa hiyo inampasa kuomba mapema kibali cha matumizi ya tiba. Daktari wake amsaidie kujaza fomu. Mwenye pumu anayevuta salbutamoli hahitaji kibali, mradi asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 kwa saa 8.

Mwenye ushahidi aupeleke kwa mwamuzi au kwa mamlaka ya kupambana na dawa michezoni: namba ya mshiriki, mahali, saa, alichokiona kwa macho yake.

Na huyo karani, ikiwa kweli anatumia? Aghalabu itakuwa testosteroni, aliyopewa kwa maelezo kwamba umri umepunguza nguvu zake. Kupungua kwa sababu ya umri pekee hakumpi kibali. Homoni hiyo ikitoka nje, korodani huacha kutengeneza yake, mbegu za kiume hupungua, na chembe nyekundu za damu huongezeka. EPO, ambayo sisi huwapa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, huziongeza hata zaidi. Mtu huyo akiendesha saa 5 juani huku akipoteza maji, damu huzidi kuwa nzito, na hatari ya kuganda, kupata kiharusi au mshtuko wa moyo hupanda. Akija kliniki simuulizi alishika nafasi ya ngapi. Naagiza kipimo cha damu, na sehemu ya chembe nyekundu ikizidi asilimia 54, testosteroni inasimamishwa siku hiyo hiyo.