Somo la Usalama Barabarani: Gari Lisilotulia Baada ya Kutengeneza Springi za Nyuma



Katika kata zetu, pikapu moja hubeba mengi: mahindi ya kwenda mnadani, saruji ya ujenzi wa darasa, na mara nyingine mgonjwa wa kuwahishwa hospitali usiku. Mizigo na mashimo huzichosha springi za nyuma, na wenye magari wengi, kwa kubana matumizi, huzibadilisha wenyewe uani. Hilo si jambo la kulaumiwa. Hata hivyo, hutokea gari lililotengenezwa asubuhi likakataa kutulia jioni: mkia unayumba, usukani umekaa upande, au gari linarukaruka kwenye changarawe. Mwenye gari hukimbilia kulaumu usukani na tairi za mbele. Fundisho kuu la somo hili ni moja: anza kutafuta kosa pale mkono wako ulipopita mwisho.

Usalama wa anayekagua

Breki ya mkono ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma ya gari, breki hiyo haizuii tena kitu. Kwa hiyo egesha gari juu ya ardhi ngumu na tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa vigogo mbele na nyuma, kisha uliweke gari juu ya stendi za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake au matofali. Jeki huteleza, na tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

1. Usukani umepinda, ilhali gari linakwenda mbele

Springi ya mabapa hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Katikati ya mabapa hupita bolti nyingine, ambayo kichwa chake sharti kizame katika tundu la kikalio cha ekseli. Bolti hiyo ndiyo inayoipa ekseli mahali pake. Kichwa kikikosa tundu, unaweza kukaza bolti za U na kila kitu kikaonekana sawa, kumbe ekseli imekaa mshazari. Gari hutembea upande kama kaa, na dereva hulazimika kupinda usukani ili aende mbele.

Kipimo chake ni chepesi. Nyoosha magurudumu ya mbele. Kwa tepu, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Kwa magari mengi vipimo hivyo viwili hulingana. Tofauti ya sentimita 1 yatosha kulipeleka gari upande na kula tairi. Legeza bolti za U, ikalishe ekseli mahali pake, kisha kaza nati kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi zote zilingane. Tumia bolti za U mpya, kwa maana zilizokwisha kukazwa huwa zimevutika. Uzikague tena baada ya siku chache za kazi.

2. Mkia unayumba, au gari limeinama upande mmoja

Kosa hili huwapata hata mafundi makini. Bushi za mpira katika masikio ya springi zikikazwa wakati ekseli inaning'inia, mpira hushikwa katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira husokotwa na uzito. Matokeo yake ni gari kukaa juu kuliko kawaida au kuinama upande, na baada ya muda mfupi mpira huchanika. Tangu hapo ekseli hucheza kila unapokata kona. Tiba ni kulegeza bolti za masikio, kushusha gari likanyage chini kwa magurudumu yake, kulitikisa, ndipo ukaze. Ikiwa bado limeinama, linganisha springi mbili: mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili haziwezi kubeba sawa.

3. Gari linarukaruka likiwa tupu

Wengi huongeza bapa moja ili gari libebe zaidi. Springi ngumu mno haipindiki gari likiwa tupu. Tairi hudunda juu ya mikunjo ya barabara na kupoteza mshiko, na mkia huteleza kwenye kona. Kuongeza bapa hakuongezi nguvu ya breki, ekseli wala tairi. Kagua pia shokapu: zibadilishwe mbilimbili. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likiendelea kunesanesa, shokapu imechoka.

4. Breki zimebadilika

Hili ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani hadi siku ya mteremko. Pikapu nyingi zina vali inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Vali hiyo huunganishwa na ekseli kwa kifimbo, na hutambua mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Ukiinua bodi kwa bapa la ziada, vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma hulegea wakati zinapohitajika zaidi. Kifimbo kikifungwa vibaya kwa upande wa pili, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na mkia ukapinduka. Angalia pia kwamba mpira wa breki haukuvutika. Marekebisho ya vali hii yafanywe na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Jaribio la barabarani

Jaribu gari likiwa tupu, polepole, mahali tambarare pasipo watu. Usipakie abiria wala mzigo hadi maswali haya yajibiwe:

• Je, vipimo vya kulia na kushoto vinalingana?
• Je, bushi zilikazwa gari likiwa limekanyaga chini?
• Je, springi na shokapu za pande zote mbili zinafanana?
• Je, kifimbo cha vali na mipira ya breki viko mahali pake?
• Je, bolti za U zimekaguliwa tena baada ya safari za kwanza?

Jibu moja la "hapana" latosha kulirudisha gari uani. Na iwapo majibu yote ni "ndiyo" na gari bado halitulii, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupimia, ukimweleza wazi kila ulichokigusa, pasipo kuona haya. Maelezo hayo yatampunguzia saa za kutafuta, nawe yatakupunguzia gharama.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika gari, ufa ni bolti moja iliyokosa tundu lake, na atakayeumia huenda akawa jirani aliyeomba msaada wa kufikishwa mnadani.